Nyumba ya zamani ya kupangisha Dodoma: jinsi ya kupiga hesabu ya ukarabati na kujua kama utalipa

Hesabu inayowaponza wenye nyumba wengi ni hii: "Nyumba ya vyumba 6 pale Chang'ombe, ukarabati milioni 6.7. Kila chumba kitaenda kwa 60,000, kwa mwezi 360,000, kwa mwaka 4,320,000. Mwaka na nusu hela yangu imerudi." Haijarudi. Nyumba hiyo ilikuwa inaingiza pango kabla hujagusa msumari, na pango hilo la zamani halikuletwa na ukarabati. Kinacholipa ukarabati ni nyongeza peke yake, baada ya kutoa miezi ya chumba kukaa wazi na kodi ya TRA. Ukiipiga hivyo, nyumba hiyo hiyo inarudisha hela yake kwa miaka 6 na nusu. Huenda bado ni kazi ya kufanya, lakini ni uamuzi mwingine kabisa, hasa kama hela ni ya mkopo.

Mwongozo huu unafuata nyumba moja ya mfano mwanzo hadi mwisho: nyumba ya korido ya matofali ya kuchoma, vyumba 3 kila upande, choo na jiko uani. Bei zote humu ni za mfano wa hesabu. Zitoe, weka za duka lako na za fundi wako. Vipimo na idadi ya vifaa ndivyo vya kuchukua kama vilivyo.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya nyundo

Angalia hati kwanza. Viwanja vingi vya zamani mjini Dodoma vilitolewa na CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kuhamia halmashauri ya manispaa, ambayo sasa ni ya jiji. Hati zake zilikuwa za miaka 33, kwa hiyo soma tarehe uone imebaki mingapi. Ukikuta imebaki michache au imeisha, shughulikia hilo ofisi ya ardhi ya jiji kabla ya kununua hata bati moja.

Halafu uliza madeni: kodi ya pango la ardhi, bili ya maji ya DUWASA, na deni lolote lililofungwa kwenye mita ya LUKU. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, lakini ukiwa na mita nyingi kwenye jengo moja hakikisha hukatwi mara mbili. Kama nyumba iko karibu na barabara kubwa, pima umbali wake na ujue hifadhi ya barabara inaishia wapi. Kupaka rangi na kubadilisha bati ni matengenezo. Kuvunja ukuta, kuongeza chumba au kubadili ramani kunahitaji kibali cha halmashauri, nacho kina gharama na muda wake wa kuweka kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Kagua kuanzia juu kwenda chini

Beba futi kamba, bisibisi, tochi, penseli, daftari na ngazi. Anza juu, kwa sababu tatizo la paa ndilo linalozaa nusu ya matatizo ya chini.

Ingia darini mchana, zima tochi. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Kisha choma mbao kwa bisibisi, hasa kwenye ncha za kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zinapokalia ukuta na kwenye mbao ya ukutani yenyewe. Mchwa wa Dodoma anapanda kupitia ndani ya ukuta na anaanzia hapo hapo, huku katikati ya kenchi pakiwa pazima kabisa. Bisibisi ikizama sentimita mbili bila nguvu, mbao hiyo imekwisha hata kama kwa nje inang'aa. Hesabu vipande vibovu kimoja kimoja na andika urefu wake. Usiandike "mbao kiasi".

Kama paa ni la asbesto, kama yalivyo baadhi ya majengo ya zamani, usilivunje wala kulitoboa likiwa kavu. Vumbi lake linaharibu mapafu. Linaloweshwa kwanza, linashushwa zima zima na kutupwa mahali panaporuhusiwa, na gharama hiyo inaandikwa kwenye mstari wake.

Kuta: tafuta nyufa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si kitu. Ufa unaopita ngazi ngazi kwenye viungo vya matofali, au unaoanzia pembe ya dirisha na kupanuka kuelekea juu, unasema msingi umecheza au hakuna linta, yaani boriti ya juu ya madirisha na milango. Maeneo yenye udongo wa mbuga ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa udongo unavimba masika na kusinyaa kiangazi. Weka alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe, rudi baada ya mvua. Ufa ulioacha kutembea unazibwa. Unaotembea haujazwi saruji, kwa sababu utafunguka tena pembeni ya pale ulipoziba. Huo unahitaji mhandisi.

Umeme: chomoa kila kitu, zima kila taa, acha mein swichi imewaka, kaa mbele ya mita. Taa ya mita ikiendelea kuwakawaka, umeme unavuja au kuna jirani anakula kwako. Nyaya zilizopigiliwa juu ya ukuta kwa vibanio, zisizo na waya wa asi (wa kupeleka umeme ardhini), hazina cha kukarabati. Kadiria kuvuta upya.

Maji: funga bomba zote kisha tazama mita ya DUWASA. Ikizunguka, kuna bomba limepasuka chini ya sakafu, na huenda ndilo linalolowesha msingi. Mabomba ya chuma ya zamani usiyahesabu kama mali. Maji ya visima vya Makutupora yana chumvi, na ukikata bomba la miaka mingi utakuta tundu limeziba hadi kubaki la kupitisha penseli. Weka mabomba mapya ya plastiki ya PPR.

Ukuta unaokula chumvi

Hili linastahili nafasi yake, maana ndilo linalorudiwa na kulipiwa mara tatu mpaka nne kwenye nyumba moja. Sehemu ya chini ya ukuta, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti au kiuno, rangi imevimba, plasta inamomonyoka, na kuna unga mweupe. Fundi anachonga, anapiga plasta mpya, anapaka rangi ya mafuta "ili maji yasipite". Mwaka unaofuata unga uko juu zaidi, karibu na swichi.

Sababu ni kwamba nyumba za zamani nyingi hazikuwekwa karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji ya ardhini yanapanda kwenye matofali yakibeba chumvi, yanafika usoni yanakauka, chumvi inabaki na kukua ndani ya vitundu vya plasta hadi inaisukuma. Rangi ya mafuta inaziba njia ya kukaukia, basi maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza ondoa chanzo: gata au mfereji wa kupeleka maji ya paa mbali, bomba linalovuja lizibwe, udongo uliopanda ukutani ushushwe mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani angalau sentimita 15. Pili, chonga plasta mpaka sentimita 30 juu ya mstari wa mwisho wa chumvi. Tatu, piga brashi kavu, zoa unga wote utupe mbali. Usioshe, maji yataurudisha ndani. Nne, acha ukuta wazi wiki tatu au nne za kiangazi. Tano, ndipo upige plasta, na juu yake rangi ya maji. Zunguka nyumba kwa zege la upana wa sentimita 90 lenye mteremko wa kutoa maji nje.

Kama ukuta ni wa matofali mabichi ya udongo, plasta ya saruji haishiki yenyewe. Itabanduka kama ganda. Pigilia waya wa kuku kwanza au tumia mchanganyiko wa udongo na chokaa. Gonga kwa mpini wa nyundo: pakilia tupu, plasta imeshaachana na ukuta na inahesabiwa kwenye eneo la kubandua.

Hatua ya 3: Gawa kazi mafungu matatu

Fungu la kwanza ni kazi zinazoiokoa nyumba: paa, nyufa, unyevu, umeme wa hatari, shimo la choo lililojaa au linalotitia. Hizi hazina mjadala wa faida, isipokuwa swali moja tu: je, nyumba inafaa kuokolewa? Matofali mabichi yaliyopasuka ukuta mzima pamoja na kenchi zilizoliwa kote, kwenye kiwanja cha katikati ya mji, mara nyingi jibu ni kubomoa na kujenga upya kidogo kidogo.

Fungu la pili ni zinazopandisha pango: choo na bafu ndani, LUKU ya kila mpangaji, tenki la maji, geti na ukuta, jiko la ndani. Dodoma, kwa mgao wa maji uliopo baadhi ya mitaa, tenki la lita 1,000 lililokaa juu ya mnara linapangisha kuliko dari ya jipsamu. Mita moja ya LUKU kwa wapangaji sita ni ugomvi wa kila wiki, na wapangaji wazuri ndio wa kwanza kuhama.

Fungu la tatu ni zinazomfurahisha mwenye nyumba. Marumaru kwenye chumba cha elfu arobaini, milango ya mninga, taa za urembo. Kila moja iulize: mpangaji wa mtaa huu ataongeza shilingi ngapi kwa ajili yako? Isipojibu kwa tarakimu, ifute.

Hatua ya 4: Pima, kisha hesabu vifaa

Usikubali makadirio ya "jumla ya kazi" kutoka kwa fundi kabla hujawa na idadi yako. Nyumba yetu ya mfano ina mita 11 kwa 8 kwa nje, vyumba vya mita 3 kwa 3.5, urefu wa ukuta mita 2.7.

Paa ndilo lenye mtego. Likitokeza sentimita 60 kila upande, linakuwa mita 12.2 kwa 9.2. Kwa mteremko wa nyuzi 20, upande mmoja una urefu wa mita 4.9. Wengi huchukua eneo, kama mita za mraba 119, wakagawa kwa eneo linalofunikwa na bati moja la futi 10 la migongo midogo, yaani 1.74 baada ya mapandiano, wakapata mabati 69. Ukiongeza ya tahadhari ni 75. Wakifika juu, yanapungua. Bati halihesabiwi kwa eneo, linahesabiwa kwa mistari. Kila mstari unafunika sentimita 61, kwa hiyo mita 12.2 ni mistari 20, pande mbili 40. Kila mstari unataka mabati mawili, basi ni mabati 80.

Sasa angalia vizuri. Mabati mawili ya futi 10 yakipandiana sentimita 20 yanafika mita 5.9, na wewe unataka 4.9. Mita nzima kwenye kila mstari unainunua na kuikata. Chukua moja la futi 10 na moja la futi 8: mita 5.29, inatosha. Kwa bei za mfano, 26,000 na 21,000, mabati 40 kwa 40 ni Sh 1,880,000, badala ya 2,080,000. Laki mbili zimebaki kwa kupima tu. Kama kiwanda kinakata kwa kipimo, agiza vipande vya mita 5 na huna mapandiano ya kuvujisha katikati. Kofia, bati la kufunika mgongo wa paa, ya futi 6 inafunika kama mita 1.68, hivyo paa hili linataka 8. Geji: namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 32 kwa upepo wa Dodoma wa Agosti na Septemba ni kujitafutia kazi. Tumia 30, au 28 kama mfuko unaruhusu.

Plasta: unene wa milimita 15, mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 4, mfuko mmoja wa kilo 50 unamaliza mita za mraba kama 9. Hesabu 8, kwa kuwa kuna inayodondoka. Mkanda wa chini wa nyumba yetu kwa nje, mita 38 za mzunguko kwa urefu wa mita 1, unataka mifuko 5 na toroli kama 10 za mchanga. Simamia uchanganyaji. Kipimo cha 1 kwa 4 ni mfuko mmoja kwa toroli mbili za kawaida zisizo na kichuguu. Ukiona toroli ya tatu inamwagwa, saruji yako imeanza kutafutiwa pa kwenda.

Mchanga wa mto unaoletwa na fuso upime kwenye chupa: jaza mchanga hadi theluthi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha masaa matatu. Tope likikaa juu ya mchanga kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo chake, rudisha fuso. Mchanga wenye tope hupasua plasta hata saruji ikiwa ya kutosha.

Zege la kuzunguka nyumba: mita 38 kwa 0.9 kwa unene wa sentimita 7.5 ni mita za ujazo 2.6. Mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) unakula mifuko 4.4 kwa kila mita ya ujazo, basi chukua 12. Sakafu ya saruji ya sentimita 4, kwa 1:4, ni mfuko mmoja kwa mita za mraba 3 na ushee. Chumba kimoja chetu ni mifuko 3 hadi 4.

Rangi: kila chumba kina mita za mraba 32 za ukuta baada ya kutoa mlango na dirisha. Vyumba sita ni 192, korido 48, jumla 240. Lita moja inapaka kama mita 10 kwa mkono mmoja, mikono miwili ni lita 48. Nunua ndoo 3 za lita 20. Plasta mpya itakunywa hiyo ziada, na usiipake kabla ya wiki tatu au nne.

Umeme: waya wa milimita 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 4 au 6 kwa jiko na hita. Kila chumba taa 1 na soketi 2 ndicho kiwango cha chini cha leo. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Asiye nayo hawezi kukupitishia TANESCO ukitaka mita mpya.

Hatua ya 5: Weka bei, ongeza ya dharura

Chukua bei maduka matatu, siku moja, kwa orodha ile ile. Uliza bei ikiwa imefikishwa, kwa sababu kirikuu na guta hazimo kwenye bei ya dukani. Ufundi upangwe kwa kipimo, yaani kwa mita ya plasta, kwa pointi ya umeme, kwa paa zima. Malipo ya siku yanazaa siku.

Nyumba yetu, fungu la kwanza pamoja na rangi:

Mabati na kofia: Sh 1,992,000
Mbao za kubadilisha na dawa ya mchwa: 620,000
Ufundi wa paa: 600,000
Plasta ya chini na zege la nje, mifuko 17, mchanga, kokoto na ufundi: 956,000
Umeme upya: 1,150,000
Choo cha uani: 900,000
Rangi na ufundi: 505,000
Jumla: 6,723,000

Ongeza asilimia 15 ya dharura, Sh 1,008,450. Kwa nyumba ya matofali mabichi weka 25, maana ukibandua plasta utakutana na usiyoyatarajia. Halafu mstari unaosahaulika kuliko yote: pango lisiloingia wakati wa kazi. Miezi 2 kwa 240,000 ni 480,000. Gharama halisi ni Sh 8,211,450.

Hatua ya 6: Tafuta pango la kweli la mtaa

Dalali atakupa bei ya juu, kwa kuwa chake kinahesabiwa kwa pango la mwezi mmoja. Usimpuuze, lakini uliza na wapangaji wenyewe wa nyumba sita au saba za mtaa huo huo: wanalipa ngapi, kwa miezi mingapi mbele, choo kiko wapi, maji yanatoka siku zipi. Na uliza chumba kilichokuwa wazi kilikaa muda gani kabla ya kupata mtu. Hilo la mwisho ndilo linalofichua bei iliyopitiliza.

Mtaa unaamua aina ya mpangaji. Majengo, karibu na soko, na Chang'ombe, kuna watu wa chumba kimoja cha bei nafuu na hawakauki. Upande wa Ilazo, Kisasa, Nzuguni mpaka njia ya kwenda Mtumba ulikohamia mji wa serikali, mtumishi anataka choo ndani, geti na pa kuegesha. Karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wanafunzi hujaza vyumba muhula ukianza na kuviacha likizo, kwa hiyo hesabu miezi 9 au 10 kwa mwaka.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya nyongeza, tabaka kwa tabaka

Kabla ya ukarabati, vyumba 6 kwa 40,000. Viwili vinavuja na hukaa wazi miezi 4 ya mvua. Kati ya miezi 72 ya vyumba, 64 inalipwa: Sh 2,560,000 kwa mwaka. Toa kodi ya zuio ya pango, asilimia 10, inabaki 2,304,000.

Baada ya fungu la kwanza, vyumba 6 kwa 60,000, kila kimoja kikikaa wazi mwezi mmoja kwa mwaka: miezi 66, Sh 3,960,000. Baada ya asilimia 10, ni 3,564,000.

Nyongeza ni Sh 1,260,000 kwa mwaka. Gawa 8,211,450 kwa hiyo: miaka 6.5, au asilimia 15 kwa mwaka. Hiyo ndiyo tarakimu ya kulinganisha na hati fungani za serikali, na riba ya benki kama unakopa. Riba ikiwa juu ya asilimia hiyo, mkopo unakula nyumba. Fanya kwa hela yako, kwa awamu, paa likiwa la kwanza.

Sasa lije wazo la kugeuza vyumba 6 kuwa nyumba 3 za chumba na sebule zenye choo ndani. Vyoo vitatu kwa 1,450,000 ni 4,350,000. Septiki na shimo la kunyonya 2,800,000. Tenki na mabomba 1,100,000. Jumla 8,250,000, pamoja na dharura 9,487,500, ongeza miezi miwili zaidi bila pango: Sh 9,967,500. Ukiwa umeamua mapema, choo cha uani hukijengi, unaokoa 1,035,000 pamoja na dharura yake. Inabaki 8,932,500.

Zikipangishwa kwa 150,000 kila moja kwa miezi 11, baada ya kodi unapata 4,455,000. Usilinganishe na ile 2,304,000 ya mwanzo. Linganisha na 3,564,000 ambayo ungeipata bila kugeuza. Nyongeza ni 891,000 tu, yaani miaka 10. Haifai. Lakini kama mtaa unalipa 200,000, baada ya kodi ni 5,940,000, nyongeza 2,376,000, na hela inarudi chini ya miaka 4. Kazi ni ile ile, vifaa ni vile vile. Kilichobadilika ni mtaa, ndiyo maana Hatua ya 6 haifanywi kwa simu.

Piga pia hesabu ya mwaka mbaya: pango likiwa pungufu kwa 10,000 kila chumba na wazi miezi miwili badala ya mmoja. Nyumba yetu inabaki na miezi 60 kwa 50,000, baada ya kodi 2,700,000, nyongeza 396,000. Hiyo ni zaidi ya miaka 20. Ukiona tarakimu ya namna hiyo, punguza kazi kabla ya kuanza: rangi isubiri, umeme uanze na vyumba vyenye hatari.

Hatua ya 8: Msimu, wapangaji na malipo ya fundi

Mvua za Dodoma huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, hukatika Aprili. Paa lianze Juni, liishe kabla ya Oktoba. Kiangazi kina ubaya wake pia: upepo mkavu unanyonya maji ya plasta na zege kabla saruji haijakomaa, na nyufa zinatokea siku ya pili. Mwagilia asubuhi na jioni siku 7, funika zege kwa magunia mabichi. Maji hayo ni gharama. Kama mtaa uko kwenye mgao, andika boza moja au mawili kwenye orodha.

Mpangaji aliyelipa miezi sita mbele humtoi kwa ajili ya ukarabati bila makubaliano na kurudishiwa chake. Njia nafuu ni kufanya upande mmoja wa korido, vyumba 3, na ukikamilika kuwahamishia humo wapangaji wa upande wa pili. Ufundi utaongezeka kidogo kwa sababu mafundi wanarudi mara mbili, lakini nusu ya pango inaendelea kuingia. Pango jipya lianze kazi ikishakamilika chumbani kwa mtu, si kabla.

Vifaa nunua mwenyewe, kwa awamu, na uvifungie. Saruji iliyokaa miezi mitatu stoo inaota mabonge. Fundi mlipe kwa hatua zilizoandikwa: asilimia 30 paa likishushwa na mbao kubadilishwa, 40 mabati yakikamilika, 20 kofia na gata, na 10 ya mwisho baada ya jaribio la maji. Msingoje mvua ya Desemba. Fundi akiwa bado juu, mwagia mpira wa maji kwenye kila mstari wa mapandiano na chini ya kofia kwa dakika kumi, mtu mwingine akiwa darini na tochi. Panapodondoka pawekwe alama kwa penseli kwenye mbao, parekebishwe, pajaribiwe tena, ndipo asilimia 10 itoke.